Afisa Asiyejua Marathoni: Uwezo wa Kipekee wa Mwanamichezo Unavyothibitishwa Marekani

Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho jijini New York ilikataa kumsaidia Afshin Noroozi, mchezaji wa tenisi ya meza aliyeiwakilisha Iran katika Olimpiki ya Beijing ya 2008. Noroozi alikuwa ameomba ukaazi wa kudumu Marekani kama mtu mwenye uwezo wa kipekee. Idara ya uhamiaji ikamnyima, akaenda mahakamani, akashindwa. Miaka 16 kabla yake, mahakama ya shirikisho ya Chicago ilikuwa imetengua uamuzi wa kumnyima haki hiyo hiyo Stu Grimson, Mkanada aliyecheza hoki ya barafuni. Grimson hakuwa mfungaji hodari. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuwatia hofu wapinzani, na ikibidi kupigana nao ngumi, ili nyota wa timu yake wacheze kwa amani.

Mwanaolimpiki ameshindwa, mpiganaji ameshinda. Anayesoma matokeo hayo kwa haraka atadhani majaji wa Marekani hawajui michezo. Akisoma sababu zao ataona kwamba kesi zote mbili ziliamuliwa kwa kipimo kimoja: mtu huyu amesimama ngazi ya ngapi miongoni mwa wote wanaofanya kazi kama yake? Grimson alikuwa miongoni mwa wachache wa juu katika kazi ambayo ligi yenyewe inaitambua na kuilipia. Noroozi alikuwa wa pili Iran, lakini duniani alishika nafasi ya 284.

Jambo hili linatuhusu. Kuanzia Iten na Kapsabet hadi Arusha, wako wakimbiaji wengi wanaopata riziki katika mbio za barabarani za Marekani, na wengi wao wamewahi kuambiwa na mtu fulani kwamba kwa matokeo yao kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, ni yao wakitaka. Zamani mlango mkuu ulikuwa chuo. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Suleiman Nyambui, aliyeipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alisoma El Paso, Texas. Bernard Lagat alipita Washington State kama Rono, akapata uraia mwaka 2004. Baadaye mlango mwingine ulikuwa jeshi: Paul Chelimo alishinda fedha ya mita 5,000 Rio mwaka 2016 akiwa askari wa Marekani. Mlango wa uwezo wa kipekee ni tofauti na hiyo yote. Hauhitaji masomo, wala jeshi, wala ndoa, wala mwajiri. Mkimbiaji anajaza fomu ya I-140 mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na akikubaliwa mke au mume wake na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21 wanaweza kumfuata.

Mlango huo ulifunguliwa na Sheria ya Uhamiaji ya 1990, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwezi Novemba mwaka huo. Kanuni zake zinasema uwezo wa kipekee ni ujuzi wa kiwango kinachoonyesha kwamba mtu yumo katika asilimia ndogo ya waliofika kileleni kabisa mwa fani yao. Wanasheria hukiita kitengo hiki EB-1A.

Kabla ya kufika huko, ni vyema mwanamichezo ajue kwamba zipo viza nyepesi zaidi, na mara nyingi hizo ndizo zinazomfaa. Anayekwenda kukimbia mbio moja na kurudi, asiyelipwa chochote isipokuwa zawadi ya ushindi, anaweza kuingia kwa viza ya B-1. Mwanamichezo anayetambulika kimataifa anaweza kupewa P-1A, ambayo kwa mchezaji binafsi hufika miaka 5 na kuongezwa hadi 10. Kuna pia O-1A, ambayo kipimo chake kwa wanamichezo ni kile kile cha asilimia ndogo ya kileleni, ila ni ya muda, huanza na miaka isiyozidi 3, na lazima iombwe na mwajiri au wakala aliyeko Marekani. Ninayoyasema hapa chini yanahusu hasa EB-1A, kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa na ndiyo inayowaangusha wengi.

Kanuni zinatoa njia mbili za kuthibitisha. Ya kwanza ni tuzo moja kubwa inayotambulika duniani. Bunge lilipojadili sheria hii lilitaja Tuzo ya Nobel kama mfano, na kwa upande wa michezo inayokaribia zaidi ni medali ya Olimpiki. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni Rio na tena katika michezo ya Tokyo, angehitaji karatasi chache sana. Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwa kushinda marathoni Tokyo mwaka 2025, naye ana hoja nzito ya kupita njia hiyo.

Wengine wote hupita njia ya pili: kutimiza angalau vigezo 3 kati ya 10 vilivyoorodheshwa. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya fani zote kwa pamoja, wanasayansi, wachoraji, wafanyabiashara na wanamichezo, ndiyo maana vigezo kadhaa havimfai mkimbiaji hata kidogo. Hana makala za kitaaluma, hana maonyesho ya sanaa, na mauzo ya muziki au filamu hayamhusu. Vinavyomfaa kweli ni vinne au vitano: zawadi na tuzo zinazotambulika kitaifa au kimataifa, uanachama katika chama kinachodai mafanikio makubwa kabla ya kumpokea mtu, habari zilizoandikwa kumhusu katika vyombo vikubwa, kipato cha juu kuliko cha wenzake, na, kwa wachezaji wa timu, nafasi muhimu katika klabu yenye sifa. Cha kushangaza, nafasi ya mtu katika orodha ya ubora wa dunia, kitu ambacho kila mpenzi wa riadha hukitazama kwanza, haimo kati ya vigezo hivyo 10. Kanuni za P-1A zinaitaja waziwazi, za EB-1A hazikuitaja. Mwombaji wa EB-1A hulazimika kuiingiza kupitia kifungu kinachoruhusu ushahidi unaolingana na ule wa orodha, au kuitumia katika hatua ya pili.

Hatua hiyo ya pili ndipo maombi mengi yanapofia. Tangu uamuzi wa kesi ya Kazarian mwaka 2010, kesi ya mwanafizikia, si mwanamichezo, afisa wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, hupima mara mbili. Kwanza anahesabu: je, vigezo vitatu vimetimia kama vilivyoandikwa, bila yeye kuongeza masharti yake? Kisha anaweka ushahidi wote pamoja na kuuliza kama unaonyesha mtu aliyefika kileleni na ambaye sifa zake zimedumu. Mkimbiaji anaweza kuvuka hesabu ya kwanza kwa vikombe, picha za magazeti na barua ya shirikisho, kisha akaanguka hapa, kwa sababu hakuna karatasi hata moja kati ya zile inayomwambia afisa vikombe hivyo vina uzito gani.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo mkimbiaji wa Afrika Mashariki anapopoteza haki yake bila sababu.

Chukua kwanza Olimpiki. Kila nchi huruhusiwa kupeleka wakimbiaji 3 tu katika mbio moja. Iran ilimpeleka Beijing mchezaji wa 284 duniani katika tenisi ya meza, na ilikuwa haki yake. Kenya, kwa utaratibu huo huo wa nafasi chache kwa kila nchi, humwacha nyumbani mwanariadha anayeweza kuwa wa 10 au wa 15 duniani kwa sababu Wakenya watatu wamemtangulia. Ukipima kwa kigezo cha kushiriki Olimpiki, Mkenya huyo ni mdogo kuliko wageni wengi waliovaa sare za nchi zao. Ukipima kwa ngazi ya dunia, anawapita mbali. Hoja iliyomwangusha Noroozi, kwamba kinachotazamwa ni nafasi ya mtu katika mchezo wenyewe na si bahati ya nchi aliyozaliwa, inamsaidia Mkenya aliyekosa timu ya taifa, mradi wakili wake ajue kuitumia. Lakini wengi hawaitumii. Wanajaza kurasa za sifa za jumla na kuficha ukweli kwamba mteja wao hakuwahi kuteuliwa, kana kwamba ni aibu, badala ya kueleza mchujo wa Kenya ulivyo na kuweka mezani orodha ya dunia ya mwaka ule.

Hoja hiyo ina upande wa pili, na haki inataka tuuseme. Mkimbiaji wa saa 2 na dakika 12 ambaye hushinda mbio ndogo za miji ya Ohio au Pennsylvania, zenye zawadi ya dola elfu moja au mbili, ni mwanariadha wa kuheshimiwa anayefanya kazi ngumu, lakini juu yake duniani wamo mamia, na jirani zake wa Iten ni sehemu kubwa ya mamia hayo. Huyo hajafika kileleni kwa maana ya sheria hii. Wakili au dalali anayemwambia vinginevyo na kuchukua fedha zake anamdhulumu.

Chukua pili muda wa saa. Afisa anayesoma faili hafahamu riadha. Huenda jana alisoma la mpishi na leo asubuhi la mtaalamu wa kompyuta. Akiona saa 2:09:48 atatafuta orodha ya marathoni za mwaka 2025 na kukuta muda huo uko chini sana, umepitwa na wakimbiaji wengi. Huo ndio muda aliotumia Simbu kuwa bingwa wa dunia, katika joto na unyevu wa Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde huku wote wawili wakiandikiwa muda mmoja. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia katika marathoni, lakini haukuingia katika rekodi za dunia kwa kuwa njia ya Boston inateremka kupita kiwango kinachoruhusiwa na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo. Afisa akienda kwenye orodha rasmi ya rekodi hatauona. Na mashindano ya kitaifa ya Kenya hukimbiwa mara nyingi Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na muda wa mita 10,000 huwa mrefu kuliko wa Ulaya. Bingwa wa Kenya kwenye karatasi ya matokeo anaweza kuonekana mzembe.

Kwa hiyo cheti cha ushindi peke yake hakisemi kitu. Kinachosema ni cheti pamoja na karatasi ya matokeo yote, majina na mafanikio ya wale aliowashinda siku ile, orodha ya washindi wa miaka iliyotangulia, daraja la mbio hizo mbele ya World Athletics, jumla ya zawadi zilizotolewa, na maelezo ya nusu ukurasa kutoka kwa mtu anayeijua njia ile na hali ya hewa ya siku ile. Nimesema nusu ukurasa kwa makusudi. Maelezo marefu huchosha na huleta shaka.

Magazeti nayo yana mtego wake. Kanuni inataka habari iwe kumhusu mwombaji na ionyeshe kichwa, tarehe na mwandishi. Kipande cha Taifa Leo au Mwanaspoti kilichokatwa kwa mkasi na kuhifadhiwa na mama nyumbani kwa miaka, bila tarehe wala jina la mwandishi, hakitoshi, hata kama picha ya mwanawe imejaa ukurasa mzima. Kadhalika jina lake likitajwa tu katika orodha ya washindi 20 wa kwanza, hiyo si habari kumhusu. Na kila kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kiambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Inahitajika pia barua au takwimu zinazoonyesha gazeti hilo linasomwa kiasi gani, maana afisa aliyeko Nebraska au Texas hajapata kulishika mkononi.

Kuhusu kipato, wakimbiaji wetu wana ushahidi mzuri kuliko wanavyodhani. Malipo ya kualikwa kwenye mbio huwa siri kati ya waandaaji na meneja, lakini zawadi hutangazwa. Mshindi wa Boston hupata dola 150,000. Mgeni asiye mkaazi anayeshinda fedha Marekani kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 30, na aliyemlipa hutoa fomu ya 1042-S inayoonyesha kiasi cha malipo na kodi iliyokatwa. Wengi huiacha hotelini au humwachia meneja. Fomu hiyo ni fomu rasmi ya kodi ya serikali ya Marekani. Hakuna ushahidi wa kipato ulio mgumu kuupinga kama huo. Kilichobaki ni kuulinganisha na kipato cha wakimbiaji wengine, kwa kuwa kanuni inasema kipato cha juu kuliko cha wengine katika fani, si kipato kikubwa kuliko cha majirani.

Barua za sifa ndizo zinazopoteza kurasa nyingi zaidi. Kocha anaandika kwamba kijana ana nidhamu, anaamka alfajiri, anamcha Mungu, na ni mfano kwa vijana wa kijiji. Yote yanaweza kuwa kweli tupu na yasimsaidie. Barua inayomfaa inasema: mwandishi ni nani na ameona wakimbiaji wangapi wa kiwango cha dunia; mbio fulani zilikimbiwaje; huyu aliwashinda akina nani; na kwa nini, kwa maoni ya mtu huyo, anahesabiwa pamoja nao. Yenye uzito zaidi ni barua ya mtu asiyemfundisha wala asiyefaidika na mkataba wake.

Katika michezo ya timu mambo yana sura nyingine. Tangu mwanzo idara ilikataa kwamba kila mchezaji wa ligi kubwa apewe hadhi hii moja kwa moja, ikisema hilo lingevunja nia ya Bunge. Uamuzi wa mwaka 1994 kuhusu Price, mchezaji wa gofu wa kulipwa aliyekuwa ameshinda World Series of Golf mwaka 1983 na Canadian Open mwaka 1991, ulirudia msimamo huo, ingawa yeye alikubaliwa. Mwaka uliofuata Craig Muni, beki wa hoki aliyetwaa Kombe la Stanley mara tatu na Edmonton, alilazimika kwenda mahakamani, na jaji akasema idara haikuupima ushahidi wake ipasavyo. Ubishi kuhusu kama kombe la timu ni tuzo ya mchezaji uliendelea kwa miaka mingi, hadi Oktoba 2024 USCIS ilipothibitisha katika mwongozo wake kwamba tuzo za timu zinahesabiwa. Kwa wanasoka faida ni kubwa: katika klabu za ligi kuu ya soka, MLS, zilizoko Marekani, mwenye kadi ya kijani hahesabiwi kuwa mchezaji wa kigeni, na nafasi za wageni ni chache kiasi kwamba klabu huuziana.

Jambo lingine linalowashtua wastaafu ni kwamba uwezo lazima uwe katika kazi ile ile mtu anayokwenda kuifanya. Lee Man-soo alikuwa mmoja wa wachezaji wa besiboli maarufu zaidi katika historia ya Korea Kusini. Alipoomba akiwa kocha wa Chicago White Sox alikataliwa, na mwaka 2002 mahakama ikakubaliana na idara: umaarufu wake ulikuwa wa kucheza, kazi yake sasa ni kufundisha. Mwongozo wa leo umelegea kidogo, unaruhusu mafanikio ya uchezaji ya karibuni yatazamwe pamoja na mafanikio ya ukocha, lakini kocha mpya asiye na wanafunzi waliofika juu hana faili. Bingwa wa zamani wa Eldoret anayetaka kwenda kufundisha Colorado akusanye kwanza matokeo ya wanafunzi wake.

Dawa za kusisimua misuli sina haja ya kuzieleza sana. Adhabu ikitolewa, matokeo hufutwa, na matokeo yakifutwa ushahidi uliojengwa juu yake huporomoka wote.

Nikiulizwa kama sheria hii ni ya haki, nitajibu kwamba kipimo chake ni cha haki kuliko kinavyosifiwa, lakini gharama ya kukithibitisha inambagua asiye na meneja mwenye ofisi, asiye na wakili na asiyetunza hati. Na yapo mambo yasiyohusu uwezo kabisa. Septemba 2025 amri ya rais ilielekeza kwamba zawadi ya dola milioni 1 kwa serikali ya Marekani ichukuliwe kuwa ushahidi katika kitengo hiki hiki. Sioni mchango huo unahusianaje na kufika kileleni mwa fani yoyote. Katika mwaka huo huo Burundi, kisha Tanzania, ziliingizwa katika orodha za nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza, ingawa wanaokwenda kushindana katika mashindano makubwa waliachiwa nafasi. Mwenye pasipoti ya nchi hizo asilipe ada yoyote kabla ya kujua hali ya siku hiyo.

Sehemu ya ubaguzi huo wa karatasi tunaweza kuiondoa wenyewe, bila kusubiri Washington. Mashirikisho ya riadha ya Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi yanapaswa kuhifadhi matokeo kamili ya kila mashindano ya taifa na kila mchujo, yenye tarehe, mahali na majina ya wote waliomaliza, na yawe tayari kumpa mwanariadha anayestahili barua inayoeleza alivyoteuliwa, bila kumzungusha wala kumdai chochote. Wahariri wa michezo waandike jina la mwandishi na tarehe kwenye kila habari, hata zile fupi. Na wewe mkimbiaji unayeanza mwaka huu, hata kama huna mpango wa kuhama, weka kila karatasi ya matokeo, kila mkataba na kila fomu ya kodi mahali pamoja. Ukipata majeraha na kuomba ukiwa na miaka 33, afisa hatauona mwendo wako. Atasoma ulichompelekea, na akikiona pungufu anaweza kukupa hadi siku 84 kuongeza. Siku hizo hazitoshi kutafuta matokeo ya Kasarani ya miaka 10 iliyopita ambayo hakuna aliyeyahifadhi.